Kamisheni tupu, mshahara na kamisheni, au udalali: njia tatu za kuuza usafirishaji wa mizigo Kampala

Kampuni za forodha na usafirishaji hapa Kampala zinatafuta wauzaji Januari hadi Desemba. Matangazo hayakauki kwa sababu wauzaji hawakai. Wengi wa walioondoka walikuwa na mdomo mzuri wa kuuza. Kilichowashinda ni mpango wa malipo ambao mfuko wao haukuweza kuubeba. Mimi nimelelewa Malaba, upande wa Tororo, malori yakipita mlangoni usiku kucha, na nimeifanya kazi hii miaka 11 kwa mipango yote mitatu ninayoilinganisha hapa. Yote ilinilisha kwa wakati wake. Mmoja nusura unitoe kwenye nyumba ya kupanga.

Mpango wa kwanza ni kamisheni tupu. Kampuni inakupa kadi yenye jina lako, kiti, labda pesa ya simu, na asilimia kubwa ya faida ya kila mzigo utakaoleta. Usipoleta, hupati kitu. Wa pili ni mshahara mdogo na kamisheni juu yake, pamoja na tageti ya mwezi au ya robo mwaka. Kampuni kubwa hupenda mpango huu. Wa tatu ni udalali wa kujitegemea: una simu, unawajua wenye mizigo na wenye malori, unawakutanisha na kula kilicho katikati.

Nitaipima kwa mambo matano: pesa inaingia lini, asilimia inakatwa juu ya nini, hasara ikitokea ni ya nani, wateja wanabaki na nani ukiondoka, na shinikizo linafika wapi ndani ya nyumba yako. Mawili ya kwanza nitayakalia muda mrefu kwa kuwa ndiyo yanayowaumiza watu.

Pesa inaingia lini

Hili naliweka mbele ya asilimia. Chukua kontena la vigae kutoka Guangzhou. Mteja anakubali bei yako mwezi wa tatu. Mzigo unakaa baharini wiki kadhaa hadi Mombasa. Tangu nchi za Afrika Mashariki zianze utaratibu wa himaya moja ya forodha mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda kwa kawaida hulipwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla lori halijatoka bandarini, kwa hiyo mteja akichelewa kupata pesa ya ushuru, kontena nalo linamngojea. Kisha kuna kilomita zipatazo 1,170 hadi Kampala, na mizani njiani, na mpaka wa Malaba au Busia. Mzigo unashushwa, ankara inatumwa, na mteja mkubwa ana siku 30 au 60 za kulipa. Kampuni nyingi hazitoi kamisheni mpaka ankara ilipwe yote. Umeuza Machi, unakula Julai.

Kwenye kamisheni tupu, miezi yote hiyo unaibeba wewe. Nauli za kwenda kwa wateja, chakula cha mchana mjini, kodi, vyote vinatoka mfukoni mwako huku mizigo yako iko baharini. Nilipoanza nilikuwa na akiba ya miezi miwili, nikadhani inatosha. Mwezi wangu wa nne kazini nilikuwa na makontena sita njiani, bosi ananisifu mbele ya wenzangu, na mwenye nyumba amefunga kufuli mlangoni. Baada ya mwezi wa saba wa kazi mambo hubadilika kabisa: mizigo ya zamani inaanza kulipa kila wiki wakati unauza mipya, na hapo ndipo mtu wa kamisheni tupu humpita kwa mbali yule wa mshahara. Tatizo ni kufika mwezi wa saba ukiwa hujavunjika.

Kwenye mshahara na kamisheni, kusubiri ni kule kule, lakini mwisho wa mwezi kuna kitu cha kumpa mwenye nyumba. Utazame tu tageti inahesabiwaje. Kuna ofisi ambayo mzigo uliouza huingia kwenye tageti siku mteja alipokubali bei, na nyingine ambayo huingia siku pesa ilipofika benki. Kwa mtu mpya, tofauti hiyo inaweza kuamua kama atamaliza muda wa majaribio au hatamaliza.

Dalali hulipwa upesi kuliko wote. Lori lililoshusha Kampala halitaki kurudi Mombasa tupu, kwa hiyo mwenyewe anapiga simu huku na huko akitafuta kahawa, mahindi, ngozi, chochote cha kurudi nacho. Ukimkutanisha leo na mwenye mzigo, kesho linapakia. Mwenye mzigo anatoa sehemu ya nauli siku ya kupakia, na salio delivari, karatasi ya kupokelea mzigo, ikirudi imesainiwa na kupigwa mhuri. Fungu lako linaweza kutoka siku ile ile ya kupakia. Lakini siku usiyoshika simu hakuna kinachoingia, na mzigo wa jana haukuletei chochote mwezi ujao.

Kuna pia nyakati ambazo njia yenyewe inaziba. Mwanzoni mwa 2008, ghasia baada ya uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara na reli, na Kampala ikakosa mafuta. Januari 2022 madereva waligoma Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya korona na ada yake. Msururu wa malori ukarudi kilomita nyingi ndani ya Kenya na bei ya petroli hapa ikapaa. Mwezi ule mimi nilikuwa na mshahara. Ulikuwa mdogo, lakini ulilipa karo. Mwenzangu wa kamisheni tupu, ofisi ya jirani, aliuza pikipiki yake.

Asilimia ya nini

Mtu akikwambia anapata asilimia 25, muulize: ya nini? Namba nitakazotumia ni za kufundishia hesabu, soko lina bei zake. Tuseme umeuza kontena la futi 40 kutoka Mombasa hadi ghala la mteja Namanve, eneo la viwanda nje kidogo ya Kampala, kwa dola 3,200. Lori, gharama za bandari, wakala wa Mombasa na karatasi vinakula dola 2,800. Faida ghafi ni dola 400.

Kwenye kamisheni tupu ya asilimia 25 ya faida, unapata dola 100. Kwenye mshahara na kamisheni ya asilimia 8, unapata dola 32 juu ya mshahara. Dalali haigusi faili yote, yaani hesabu na karatasi zote za mzigo huo; yeye ametafuta lori tu, akalipata kwa bei iliyo chini kidogo ya ile mwenye mzigo aliyokubali, na tofauti, tuseme dola 70, ni yake.

Sasa ongeza jambo dogo. Ghala la mteja limejaa, kontena linakaa juu ya lori, halafu linarudishwa kwa kampuni ya meli siku nane baada ya kwisha kwa siku za bure, yaani zile ambazo unakaa na kontena bila kutozwa. Kampuni ya meli inatoza, tuseme, dola 40 kwa siku: 320. Kama ofisi yako haikumwandikia mteja mapema kwamba gharama hiyo ni yake, inaingia kwenye faili, na faida inabaki dola 80. Asilimia 25 yake ni dola 20. Asilimia 8 yake ni dola sita na senti. Dola 70 za dalali hazikuguswa, kwa kuwa kontena si lake na faili si lake.

Ndiyo maana muuzaji mzuri wa kamisheni hujifunza siku za bure za kila kampuni ya meli kama anavyojua namba yake ya simu, na humpigia mteja siku tatu kabla hazijaisha: "Hajji, kontena lako lina siku tatu. Kesho nikutumie vijana wa kushusha?" Simu hiyo moja inalinda dola 80 za mfukoni mwake.

Jambo jingine ni faili yenyewe: nani anaiona? Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kila faili iliongezewa "ada ya ofisi" ya dola 150 kabla kamisheni haijahesabiwa. Hakuna aliyeniambia siku ya kuajiriwa. Niligundua miezi mitano baadaye, siku mhasibu alipokuwa likizo na mimi nikapewa faili nimpelekee mteja. Dola 150 kwa asilimia 25 ni dola 37 na nusu kwa kila kontena, na nilikuwa nimeleta makontena mengi. Nilipouliza, nikaambiwa ndivyo ilivyo kwa wote. Mpango ule haukuwa kinyume cha maandishi yoyote, maana maandishi hayakuwapo. Nilikosa usingizi wiki nzima nikipiga hesabu upya.

Kuna ofisi chache zinazolipa kamisheni juu ya bei ya kuuzia, mathalani asilimia 2, bila kujali faida. Ya dola 3,200 ni dola 64. Muuzaji huipenda kwa sababu hakuna wa kumfichia kitu. Mwenye kampuni huiogopa, na ana haki, kwa kuwa muuzaji anaweza kuuza kwa hasara ya kampuni na bado akachukua fungu lake. Ukipewa mpango huu, tegemea kwamba kila bei yako itapitishwa na meneja kabla haijamfikia mteja, na mteja wa Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla katikati ya Kampala, hangoji meneja.

Hasara ni ya nani

Simu iliita saa nane usiku. "Madam, sili inalia." Dereva alikuwa Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, amesimama kupumzika na kuta mbili za malori kila upande wake. Mizigo inayopita njia hii hufungwa sili ya kielektroniki, na tangu 2017 forodha za Uganda, Kenya na Rwanda huifuatilia kwenye mfumo mmoja: sili ikiguswa au lori likiacha njia, chumba cha ufuatiliaji kinaona na kikosi cha doria kinatumwa. Dereva hakuwa amegusa kitu. Mlango ulikuwa umegongwa na lori jingine likirudi nyuma. Nilimwambia asisogee hatua moja, apige picha sili na mlango na namba ya lile lori, angojee doria. Wakaja asubuhi, wakakagua, wakaandika. Siku mbili zikapotea.

Wakati huo nilikuwa dalali. Mwenye lori akadai pesa ya siku mbili za kusimama. Mwenye mzigo akasema sili si kazi yake. Wote wawili wakanigeukia: wewe ndiye uliyetukutanisha. Hakukuwa na mkataba uliosema nani alipe, kulikuwa na ujumbe wa Wasapu tu. Nililipa mimi, ili nisiwapoteze wote wawili, na fungu langu la mizigo miwili likaishia hapo. Tangu siku hiyo nikaandika karatasi ya ukurasa mmoja: nauli, siku za kupakia na kushusha, malipo ya siku ya kusimama, na nani anayalipa. Aliyekataa kuisaini nilimwacha aende kwa dalali mwingine.

Kama ningekuwa mwajiriwa, kampuni ingelipa, na faida ya faili ingeshuka. Kwenye kamisheni tupu maumivu hayo unayasikia moja kwa moja. Kwenye mshahara unayasikia kidogo. Hasara kubwa zaidi kwa mwajiriwa ni mteja asiyelipa. Kuna kampuni ambazo hurudisha nyuma kamisheni uliyokwisha kula ikiwa mteja wako atashindwa kulipa ankara nyingine. Uliza hilo kwa jina lake, na ulitake kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mwajiriwa haki ya kupewa masharti ya kazi kwa maandishi. Mwenye ofisi anayesema "tutaongea baadaye" kuhusu kamisheni amekwisha kukujibu.

Dalali ana mipaka miwili ya kuijua kwa moyo. Wa kwanza ni uzito: sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo barabarani, ya 2016, inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na hiyo ni kwa lori lenye ekseli saba. Ukimpakia mtu zaidi ukitegemea bahati kwenye mizani ya Busitema, faini inarudi kutafuta jina lako. Wa pili ni karatasi za forodha: hizo ni za wakala mwenye leseni ya URA, inayofanywa upya kila mwaka. Dalali anayepokea pesa ya ushuru ya mteja mkononi, hata kwa nia njema, anaingia kwenye shimo ambalo nimeona watu wawili wakishindwa kutoka.

Na mizigo ya Juba kupitia Elegu, mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, ni habari ya peke yake. Inalipa vizuri, lakini mwaka 2021 madereva waliacha kwenda baada ya wenzao kuuawa upande wa Sudan Kusini. Ukipanga mwezi wako mzima juu ya njia moja kama hiyo, iwe ni kwa kamisheni au kwa udalali, unapanga juu ya jambo lisilo mikononi mwako. Na unamtuma mtoto wa mwenzio huko. Jua hali ya njia kabla hujampigia dereva.

Wateja wanabaki na nani

Hapa nitakwenda upesi. Dalali anaondoka na kila kitu, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye simu yake. Muuzaji wa kamisheni tupu mara nyingi huondoka na wateja wake pia, maana wafanyabiashara wa Kikuubo na wa vipuri pale Kisekka humfuata mtu wanayemjua sauti. Muuzaji wa kampuni kubwa akiondoka, kiwanda cha Namanve kinabaki na kampuni, kwa sababu mkataba uliingiwa na kampuni baada ya zabuni. Soma kama mkataba wako unakuzuia kuwafuata wateja, na kwa miezi mingapi, kabla hujasaini.

Shinikizo na nyumba

Kwenye mshahara na kamisheni, shinikizo lina saa yake: Jumatatu asubuhi, majina ubaoni, namba mbele ya kila jina. Nimeona watu wazima wakitoka kwenye kikao kile na kwenda kukaa chooni dakika kumi kabla ya kushika simu. Lakini jioni linapungua, na kuna likizo. Sheria inampa mwajiriwa siku 21 za likizo ya malipo kwa mwaka. Kuna NSSF pia, mfuko wa akiba ya uzeeni: asilimia 5 kutoka kwako na 10 kutoka kwa mwajiri, na tangu marekebisho ya 2022 hata kampuni ya watu watatu inapaswa kuchangia.

Kwenye kamisheni tupu hakuna anayekufokea, ila huna mwezi wa kupumzika. Kampuni nyingi huwaita watu hawa mawakala ili zisiwachangie NSSF. Presha yake huja kwa msimu: kabla ya mwaka mpya wa Kichina kila mtu anataka mzigo wake utoke kiwandani, simu haitulii, kisha viwanda vinafungwa, na wiki hizo za ukimya huzionja miezi miwili mitatu baadaye, pesa inapokatika.

Udalali unaingia kitandani. Malori hutembea usiku, na dereva aliyekwama hana mwingine wa kumpigia. Mume wangu alijifunza majina ya madereva wangu kabla hajawaona. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kuuguza nyumbani aipime sehemu hii kwa uzito ule ule anaoipimia pesa.

Nani aende wapi

Kama huna akiba na kuna watu wanaokula kwako, tafuta mshahara na kamisheni, hata kama asilimia inakufedhehesha. Kaa miaka miwili, jifunze kusoma faili, jifunze kampuni za meli, jifunze nani analipa kwa wakati. Ukipata nafasi, fanya cheti cha EACFFPC cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki. Muuzaji anayejua karatasi huuza bei ambayo haitamrudia.

Kama una akiba ya miezi sita, au mwenzi mwenye mshahara, na tayari wapo wafanyabiashara kumi wanaopokea simu yako, kamisheni tupu inaweza kukupeleka mbali kuliko hizo nyingine. Ila ingia na karatasi yenye majibu manne: kamisheni ni ya faida au ya bei, ni nini kinachokatwa kabla, inalipwa siku gani, na inarudishwa nyuma lini. Na uruhusiwe kuona faili ya kila mzigo wako.

Kama umekulia barabarani, unawajua wenye malori kwa majina na unaweza kuongea na dereva Kiswahili chake saa nane usiku bila hasira, udalali unakufaa. Anza na mizigo ya kurudi, ya hapa kwenda Mombasa, ambako lori liko tayari na pesa inazunguka upesi. Fungua akaunti ya dharura yenye walau fungu la mizigo mitatu kabla hujapokea wa nne. NSSF siku hizi inapokea michango ya hiari ya anayejiajiri, na hata kidogo kidogo inaingia.

Kama unajua kabisa kwamba kukataliwa mara thelathini kwa siku kunakuumiza hadi usiku, nenda dawati la nyaraka. Lina mshahara wa kawaida, na wauzaji wote hulitegemea.

Na kama umepewa kazi ya kamisheni tupu na unatakiwa kuanza Februari, omba uanze Aprili, au ongeza akiba yako kwa miezi miwili, kwa sababu viwanda vya China hufungwa kwa mwaka mpya wao, na mizigo ya kwanza utakayoiuza itakuwa bado haijatengenezwa.